Mwiba wa Kujidunga

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hii ina kazi yake njema: humkanya kijana kabla hajajidunga, na humkumbusha mtu mzima kwamba matendo yana matokeo. Ikiachiwa kuingia wodini, hata hivyo, hubadilika ikawa kanuni ya kugawa huduma. Mbele ya mtu ambaye ini lake limesinyaa na tumbo limejaa maji, aliyekunywa gongo au chang'aa miaka na miaka, hakuna anayetamka kwamba asitibiwe. Husemwa tu kwamba alijitakia, na baada ya hapo kila kitu hufanywa polepole kidogo. Ninachotaka kutetea ni hiki: kosa la mgonjwa, liwe la kweli au la kudhaniwa, halina nafasi katika kuamua kama atatibiwa, lini, na kwa dawa gani. Nitaijenga hoja hiyo juu ya ugonjwa mmoja, maambukizi ya bakteria katika maji yaliyojaa tumboni kwa mwenye ini lililosinyaa, kwa sababu ndani yake swali la kale la dini, kama maradhi ni hukumu, linapimika kwa saa na kwa idadi ya waliopona na waliokufa.

Kulisoma tumbo lililovimba kama hati ya hukumu hakukuanza jana. Sura ya 5 ya kitabu cha Hesabu inaeleza kiapo cha maji machungu: mwanamke anayeshukiwa na mumewe huyanywa mbele ya kuhani, na kama ana hatia tumbo lake huvimba. Katika pwani yetu wapo wanaoamini kwamba aliyeiba au kudhulumu, akisomewa halbadiri, kisomo cha kuomba mkosaji aadhibiwe, atavimba tumbo. Huko bara nako maji ya tumboni huhusishwa na kulogwa au na mali ya watu iliyoliwa. Siku hizi lugha imevaa koti jeupe: tumbo hilo ni la pombe, na vipimo vikionyesha homa ya ini B, basi ni la uasherati. Mwendo wa fikra ni ule ule. Macho yanaona uvimbe, akili inarudi nyuma kutafuta kosa, na kosa likipatikana, au likibuniwa, huruma inapunguzwa kwa kadiri yake. Hata anayeiamini Hesabu neno kwa neno hana ruhusa ya kwenda hivyo, kwani kusema kwamba mwenye hatia ile atavimba tumbo si kusema kwamba kila aliyevimba tumbo ana hatia.

Mwendo huo hukwama zaidi tukiuliza maradhi haya humpataje mtu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B. Mtoto anayeambukizwa virusi hivyo wakati wa kuzaliwa hubaki navyo katika visa takriban 90 kati ya 100, ilhali mtu mzima mwenye kinga timamu anayeambukizwa ukubwani huvishinda karibu kila mara. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 ambaye ini lake limejaa makovu ya virusi hivyo, yaelekea zaidi alivipata akiwa mchanga, kwa mama yake au kwa watoto wenzake, kabla hajajua jema na baya. Jamaa wanaopekua ujana wake wakitafuta zinaa wanapekua mahali pasipo. Na mnywaji je? Makadirio ya kawaida ni kwamba kati ya watu 100 wanaokunywa sana kwa miaka mingi, 10 hadi 20 ndio ambao ini lao hufikia kusinyaa kabisa. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba badiliko dogo katika jeni iitwayo PNPLA3 huongeza mafuta kwenye ini, na tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba huongeza pia hatari ya makovu kwa wanywaji. Wawili watakaa benchi moja na kunywa kipimo kimoja kwa miaka 20. Mmoja atazikwa, mwenzake atazeeka. Kama tumbo hilo ni adhabu ya ulevi, basi ni adhabu inayomruka mkosaji mmoja na kumshika mwingine kwa ajili ya urithi ambao hakuuchagua. Mwenye kumwamini Mungu mwadilifu afikiri mara mbili kabla ya kumsingizia hukumu ya namna hiyo.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Ini likijaa makovu, damu itokayo matumboni hushindwa kupita kwa wepesi, shinikizo hupanda katika mshipa mkuu unaoileta, figo huanza kuzuia chumvi na maji, na maji hujikusanya tumboni. Maji hayo ni maskini wa protini zinazopambana na vijidudu. Bakteria wa kawaida wa utumbo, hasa E. coli na Klebsiella, huvuka ukuta wa utumbo uliodhoofika, hufika humo na kuzaliana, bila utumbo kutoboka na bila jeraha lolote. Daktari Harold Conn wa Marekani aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1964, na katika zama hizo zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 walikufa. Leo, ukigunduliwa mapema na kutibiwa, wanaofia hospitalini ni takriban 2 kati ya 10. Kuugundua hakuhitaji mtambo wa ajabu. Zinatakiwa sindano, maji kidogo ya tumboni na hadubini. Chembe nyeupe za damu za aina ya nyutrofili zikizidi 250 katika milimita moja ya ujazo, dawa huanzishwa bila kungoja majibu ya kuotesha, maana mara nyingi vijidudu haviko wingi wa kutosha kuota. Seftriaksoni au sefotaksimu ya mshipani kwa siku 5 hadi 7 huwatosha wengi walioupata ugonjwa wakiwa nyumbani. Seftriaksoni si dawa ngeni Afrika Mashariki. Umbali kati ya mgonjwa huyu na uhai, mara nyingi, ni mtu wa kushuku na kuchukua sindano.

Kushuku huko ndiko kunakoharibiwa na lawama. Wagonjwa wengine wa maambukizi haya hawana homa, wala tumbo haliwaumi sana. Dalili pekee yaweza kuwa kuchanganyikiwa: ini limeshindwa kusafisha damu, maambukizi yamechochea hali hiyo, na ubongo unaelemewa na sumu. Mtu hukokota maneno, husinzia mchana, hukosea siku na mahali, na viganja hupapatika anaponyoosha mikono. Akijulikana kuwa ni mnywaji, wanaomzunguka huona ulevi. Watasema pombe haijamtoka, aachwe alale. Dalili iliyokuwa ikiomba sindano imesomwa kama ushahidi wa kosa, na aliyeisoma hivyo wala hakukusudia ubaya. Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote katika jambo hili, na ndilo ambalo wanaojadili haki ya mlevi kutibiwa hulipita upesi. Tumezoea kufikiri kwamba hukumu ya kimaadili huja baada ya kujua ukweli, kwamba kwanza tunaona kisha tunapima. Hapa hukumu imetangulia kuona na imelipofusha jicho. Anayedhani anatoa lawama tu kumbe ameshatoa utambuzi, nao ni wa uongo.

Na saa zina gharama. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2014, wa wagonjwa 239 wa maambukizi haya, ulilinganisha waliotolewa maji ya kupimwa ndani ya saa 12 tangu kufika na waliotolewa kati ya saa 12 na 72. Katika kundi la kwanza asilimia 13 walifia hospitalini. Katika la pili asilimia 27. Huo ulikuwa uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa, si jaribio la kuwagawa watu kwa bahati nasibu, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza kama waliocheleweshwa walikuwa na hali mbaya tangu mwanzo. Watafiti waliizingatia hali ya wagonjwa katika hesabu zao na tofauti ikabaki. Kwangu hiyo yatosha kusema kwamba anayemweka mnywaji mwisho wa foleni hamnyimi heshima peke yake. Anacheza na nafasi yake ya kuishi.

Dini zetu mbili kubwa zinalijua tumbo hili kuliko tunavyokumbuka. Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, Yesu yuko nyumbani kwa Farisayo mmoja siku ya Sabato, na mbele yake yupo mtu mwenye safura, aliyevimba kwa maji. Hakuna anayesimulia mtu huyo alifanya nini. Ubishi uliopo, usiotamkwa, ni wa wakati: kwa nini asingoje mpaka Sabato ipite? Yesu anamponya pale pale, kisha anawauliza waliokuwepo kuhusu aliyetumbukia kisimani, kama kuna ambaye angengoja kumtoa. Na katika sura ya 9 ya Yohana, wanafunzi wanapouliza kuhusu kipofu wa kuzaliwa, nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, swali lenyewe linakataliwa. Katika hadithi za Mtume Muhammad, afaye kwa maradhi ya tumbo amehesabiwa miongoni mwa mashahidi. Maulamaa walioifafanua hadithi hiyo walitaja kuhara, na imenukuliwa pia kauli kwamba anayekusudiwa ni aliyevimba tumbo kwa maji. Iweke kauli hiyo kando ya imani ya halbadiri uone umbali uliopo: uvimbe ambao mtaa unausoma kama alama ya mwizi umefikiriwa na wanazuoni kuwa mlango wa daraja ya shahidi. Imepokewa pia, katika mkusanyo wa Bukhari, habari ya mtu aliyeletwa mara kwa mara kuadhibiwa kwa ulevi. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani, na Mtume akakataza asilaaniwe, akisema kwamba mtu yule anampenda Mungu na Mtume wake. Adhabu ya sheria ilitolewa, wala kosa halikuitwa jema. Kilichokatazwa ni kumtoa mtu huyo katika jamii ya wanaostahili kutakiwa heri.

Atakayepinga kwa busara ataniambia kwamba nimechagua mfano mwepesi. Seftriaksoni ni nafuu. Kila mmoja apewe. Vipi kile kisichotosha wote? Hapo swali la kustahili halirudi lenyewe? Kwa ini la kupandikizwa lilirudi kweli. Mwaka 1991, madaktari Alvin Moss na Mark Siegler waliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani kwamba, kwa kuwa maini ya kupandikiza ni machache mno, si haki mgonjwa wa pombe ashindane sawa na yule ambaye ini lake limekufa bila mchango wake. Ni hoja yenye heshima, na haikuandikwa kwa chuki. Carl Cohen na Martin Benjamin waliandika kinyume chake mwaka huo huo, wakasema hatuna mizani ya kupimia wema wa wagonjwa wengine wote, na kumpima mmoja tu ni upendeleo. Nakubaliana nao, ila nadhani kuna jibu la karibu zaidi. Kanuni nyingi za kuwanyima wanywaji zilijitetea kwa jina la matarajio ya kupona: atarudi kunywa, ini litapotea bure. Mwaka 2011 timu ya Ufaransa na Ubelgiji ilichapisha matokeo ya wagonjwa 26 wa ini lililowaka kwa pombe, waliochaguliwa kwa uangalifu na kupandikizwa bila kungojwa waache pombe kwanza: asilimia 77 walikuwa hai baada ya miezi 6, wakati kwa wenzao wasiopandikizwa ilikuwa 23. Watatu walirudi kunywa. Wachache hao 26 si wagonjwa wote, lakini walitosha kuonyesha kwamba lililoitwa matarajio lilikuwa, kwa sehemu yake, lawama iliyobadili jina.

Turudi kwenye tumbo letu, maana nako kuna kitu adimu: albumini, protini ya damu inayotolewa kwa mshipa. Jaribio la Hispania lililochapishwa mwaka 1999, la wagonjwa 126, lilionyesha kwamba walioongezewa albumini juu ya sefotaksimu waliharibikiwa figo asilimia 10, dhidi ya 33 ya waliopewa antibiotiki peke yake, na vifo ndani ya miezi mitatu vilikuwa asilimia 22 dhidi ya 41. Kwa mtu wa kilo 60 kipimo chake ni gramu 90 siku ya kwanza na gramu 60 siku ya tatu, na kwa familia nyingi hiyo ni gharama ya kuuza kiwanja. Chupa zikiwa chache, nani apewe? Utafiti umejibu bila kugusa mwenendo wa mtu: wanaofaidika zaidi ni wale ambao kipimo cha damu kinaonyesha figo zimeanza kuelemewa au manjano imepanda sana. Na jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha kwamba kuwamiminia albumini kila siku wagonjwa wa ini waliolazwa, kwa lengo tu la kuinua kiwango chake katika damu, hakukuleta faida. Uhaba, basi, una dawa yake, nayo ni kuuliza kitu hiki kitamfaa nani. Kuuliza nani amekistahili hakuongezi hata chupa moja.

Kizuizi ninachokiheshimu kuliko vyote ni usugu wa dawa. Kila dozi ya antibiotiki inayotolewa leo hupunguza, kwa kiasi kidogo, nguvu ya dozi ya kesho, na mgonjwa wa kesho hayupo kujitetea. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 1,302 wa ini lililosinyaa wenye maambukizi ya bakteria katika Amerika, Asia na Ulaya, ulikuta vijidudu sugu kwa dawa nyingi kwa asilimia 34 ya wale ambao vijidudu vyao viliota. Kwa maambukizi yanayopatikana wodini hali ni nzito zaidi: jaribio dogo la Italia la mwaka 2016 lilionyesha kwamba dawa ya jamii ya seftriaksoni ilifaulu kwa robo tu ya wagonjwa, wakati dawa mbili kali pamoja zilifaulu kwa asilimia 87. Madai ya mgonjwa wa kesho ni ya haki, tofauti na lawama, kwa sababu anayadai mtu ambaye kweli atadhurika. Yanadai, hata hivyo, mambo ambayo mgonjwa wa leo naye anayahitaji: maji yapimwe kabla ya dawa, yaoteshwe kwenye chupa palepale kitandani, dawa kali zibaki kwa aliyeambukizwa hospitalini, maji yapimwe tena baada ya saa 48 kuona kama dawa inafanya kazi, na matibabu yasimame siku zake zikitimia. Hakuna kipengele hata kimoja kinachouliza alikunywa nini. Na kama tumeamua kupima makosa, mizani isiishie kwa mlevi. Usugu umelelewa na sisi tulionunua vidonge viwili vitatu duka la dawa kwa ajili ya mafua, tukaacha nusu dozi kabatini. Hakuna anayependekeza kwamba mtu wa namna hiyo, akipata nimonia, aambiwe alijidunga mwiba.

Yapo pia maneno ya kukata tamaa: ini limeshakwisha, unamponya leo ili afe mwakani. Ni kweli kwamba mwenye kupatwa na maambukizi haya yuko katika hatua ya hatari, na bila kinga wapata 7 kati ya 10 hurudiwa ndani ya mwaka. Lakini jaribio la mwaka 1990 lilionyesha kwamba kidonge cha norfloksasini kila siku kilishusha kurudiwa huko kutoka asilimia 68 hadi 20, ingawa usugu sasa umepunguza uhakika wake. Mwaka mmoja wa mzazi ni mwaka. Hatumwambii mgonjwa wa moyo ulioshindwa kwamba homa ya mapafu isitibiwe kwa kuwa moyo hautapona. Ikiwa mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili zake, amechoka na sindano na anataka kwenda nyumbani, hilo ni lake na lisikilizwe. Kukata tamaa kwa niaba yake ni jambo jingine.

Hoja ya mwisho ndiyo iliyojificha ndani ya methali. Itasemwa kwamba kumwondolea mtu lawama ni kumgeuza mtoto: utu uzima ni kuwajibika, na anayekataa kumwambia mlevi kwamba amejiumiza hamheshimu. Nakubali nusu ya maneno haya, na ile nusu ninayoikubali inanirudisha kwenye dawa. Kuwajibika kunahitaji akili timamu. Sheria ya Kiislamu haimwandikii mtu kosa akiwa amepotewa na akili, na maadili ya Kikatoliki hayahesabu dhambi ya mauti pasipo kujua na kukubali. Mtu ambaye sumu ya ini na maambukizi ya tumbo vimemfunika ubongo hawezi kutubu, hawezi kuahidi, hawezi hata kuelewa kwamba analaumiwa. Siku ya tatu au ya nne ya seftriaksoni, pamoja na laktulosi ya kusafisha tumbo, mara nyingi hujua tena ni siku gani na jina la anayemhudumia. Hapo ndipo aambiwe, na aambiwe wazi: kuacha pombe hata katika hatua hii humwongezea muda wa kuishi, na kwa wengine maji ya tumboni hupungua. Aulizwe nani wa kumsaidia kuacha, na kama anakubali kusaidiwa. Akiwa na homa ya ini B, mkewe na watoto wapimwe, wasio nayo wachanjwe. Mazungumzo haya ni magumu na yanadai ukweli pande zote mbili, nayo hayawezekani na mtu aliyeachwa alale kwa kudhaniwa amelewa.